Presha Sugu Ipimwe Nyumbani Kabla ya Dawa ya Nne

Kati ya wagonjwa wa shinikizo la juu la damu kuna kundi linalowachosha waganga na kujichosha lenyewe. Wamepewa dawa tatu za aina tofauti, mojawapo ikiwa ya kukojoza, kwa dozi kamili, na bado kila wakifika kliniki mashine inaonyesha zaidi ya 140 kwa 90. Hali hiyo huitwa shinikizo sugu. Mazoea ni kuongeza dawa ya nne, na ikishindikana, ya tano. Nashikilia kwamba dawa hiyo ya nne isiandikwe kabla mgonjwa hajapimwa nje ya kliniki, nyumbani kwake, kwa siku kadhaa mfululizo. Na kwamba sharti hili lina uzito mkubwa zaidi mahali kama Ipole kuliko Dar es Salaam, ingawa wengi wangedhani kinyume chake.

Ipole iko wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, pale barabara inapogawanyika: moja inakwenda Rungwa hadi Mbeya, nyingine inapitia Koga hadi Mpanda. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Mwaka 1871 msafiri Stanley, akikwepa vita vya mtemi Mirambo vilivyoifunga njia ya kawaida ya Ujiji, alizungukia kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, yaani misitu ya upande huu huu, na msafara wake ulitembea wiki nyingi. Lami imefupisha safari, lakini haijaondoa umbali. Mtu wa Ipole aliyeambiwa presha yake imegoma anaanzia zahanati au kituo cha afya, anapelekwa hospitali ya Kanisa la Moravian Sikonge, kisha Kitete mjini Tabora, na akihitaji bingwa wa moyo huenda akaelekezwa Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kila hatua ni nauli, ni siku za shamba zilizopotea, ni mizinga iliyoachwa bila mtu. Kama safari yote hiyo inaanza kwa namba isiyo ya kweli, hasara haimwangukii mgonjwa peke yake. Nafasi ya kitanda na muda wa daktari vimekwenda kwa mtu ambaye hakuvihitaji.

Na namba ya kliniki hudanganya mara nyingi. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwitaliano Riva-Rocci, aliyetengeneza kipimo cha mkanda wa mkononi mwaka 1896, alikwisha kuona kwamba hali ya akili ya anayepimwa inaweza kuipandisha namba. Mwaka 1940 Ayman na Goldshine, madaktari wa Marekani, walilinganisha vipimo vya hospitalini na vile wagonjwa walivyojipima majumbani, wakakuta vya nyumbani viko chini. Ushahidi mkali zaidi ulitoka Milan mwaka 1983. Mancia na wenzake waliingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa wagonjwa 48 ili kusoma presha mfululizo, kisha wakamruhusu daktari aingie chumbani. Katika dakika chache za mwanzo namba ya juu ilipanda kwa wastani wa milimita 27 za zebaki, na ya chini kwa milimita 15. Daktari hakuwa amefanya lolote zaidi ya kufika na kupima. Milimita 27 ndizo zinazomtenga mtu mwenye 130, ambaye angeambiwa aendelee na dawa zake, na mwenye 157, ambaye angeongezewa nyingine.

Hiyo ndiyo presha ya koti jeupe, na ipo hata pale koti lenyewe halivaliwi. Lakini hofu ni sehemu tu ya tatizo. Mtu ametoka kitongojini kwa baiskeli au bodaboda, amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo akiangalia kama foleni itamfikia kabla ya mchana, kibofu kimejaa, na anapoitwa anaulizwa maswali huku mkanda ukijaa upepo. Mkono unaning'inia pembeni kwa sababu meza imejaa madaftari. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio lililopima kosa la mkono peke yake: ukiwekwa mapajani badala ya mezani usawa wa moyo, namba ya juu iliongezeka kwa karibu milimita 4, ukiachwa kuning'inia, kwa milimita 6.5. Ongeza mkanda mdogo kwenye mkono mnene, ongeza mazungumzo, ongeza dozi ya asubuhi ambayo mgonjwa hakumeza kwa kudhani anatakiwa kufika bila kula, na dawa ya nne imeshapata sababu ya kuandikwa.

Kwa wagonjwa wa shinikizo sugu hasa, tuna hesabu. Nchini Hispania daftari kubwa la kitaifa lilikusanya vipimo vya watu waliovaa kifaa kinachopima presha mchana na usiku kwa saa 24. Mwaka 2011 de la Sierra na wenzake waliripoti kutoka humo kwamba, kati ya wagonjwa 68,045 waliokuwa kwenye dawa, 8,295 walikuwa na shinikizo sugu kwa kipimo cha kliniki. Walipovalishwa kifaa, asilimia 37.5 kati yao walikutwa na presha iliyo ndani ya mipaka. Zaidi ya mmoja kwa kila watatu hakuwa na usugu wowote. Dawa zake zilikuwa zinafanya kazi, ila zilipimwa mahali pasipofaa kuzipimia.

Upande wa pili wa hesabu unatisha zaidi. Kutoka daftari hilo hilo ilionekana mwaka 2014 kwamba karibu theluthi ya wagonjwa ambao kliniki iliwaona wamedhibitiwa vizuri walikuwa na presha ya juu wakiwa nje. Hiyo ni presha iliyojificha. Na mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa 59,124 wa Hispania waliofuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Kipimo cha saa 24, hasa cha usiku, kilitabiri vifo vizuri kuliko kipimo cha kliniki. Wenye presha ya koti jeupe hawakuonekana kufa zaidi ya wenye presha ya kawaida, lakini wenye presha iliyojificha walikufa zaidi. Kwa hiyo tusiwaze kwamba kupima nje ya kliniki ni njia ya kuwapunguzia watu dawa tu. Kuna watakaoongezewa, na ni wale ambao kliniki ilikuwa inawapongeza.

Msomaji anaweza kusema Hispania si Unyamwezi. Ni haki kuuliza hivyo. Majibu ya karibu yapo Kilifi, pwani ya Kenya, ambako Etyang na wenzake wa taasisi ya KEMRI waliwavalisha wananchi wa kawaida, wengi wao wa vijijini, kifaa cha saa 24 na kuripoti mwaka 2016. Watu waliohesabiwa kuwa na shinikizo kwa kipimo cha uchunguzi cha siku moja walikuwa wengi kuliko waliothibitishwa na kifaa. Yapo pia kwenye jaribio la CREOLE la mwaka 2019, lililohusisha watu 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Lilionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini unawafaa wagonjwa weusi kuliko perindoprili pamoja na dawa ya kukojoza bila amlodipini. Tofauti kati ya michanganyiko ilikuwa milimita 3 tu, na watafiti waliiona kwa sababu walipima kwa kifaa cha saa 24 badala ya kutegemea benchi la kliniki. Hata matokeo ya jaribio la PATHWAY-2 la Uingereza mwaka 2015, yanayowafanya madaktari wengi waamini kwamba spironolaktoni ndiyo dawa ya nne bora kwa shinikizo sugu, yalitokana na vipimo ambavyo wagonjwa walijipima nyumbani. Basi dawa ya nne yenyewe ilithibitishwa kwa kipimo cha nyumbani, nasi tunataka kuiandika kwa kipimo cha kliniki.

Spironolaktoni inastahili kuongelewa zaidi, kwa sababu hapa ndipo Ipole inapotofautiana na jiji. Dawa hii inaweza kupandisha madini ya potasiamu katika damu, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa nyingine za presha kama losatani au lisinoprili, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Anayeiandika anapaswa kupima damu kabla, na tena baada ya wiki chache. Jijini kipimo hicho kinapatikana mtaa wa pili. Zahanati ya kijijini haina mashine yake. Kumpa mtu dawa inayotaka uangalizi wa maabara kwa sababu ya namba ambayo huenda si yake ni kuongeza hatari palipo na uwezo mdogo kabisa wa kuigundua. Dawa zikizidi mahitaji, mzee huona kizunguzungu anapoinuka, huanguka, huvunjika nyonga. Baadaye ataambiwa ni uzee.

Kifaa cha saa 24 ni ghali na kwa sasa ni cha hospitali kubwa. Lakini mashine ya kawaida ya betri, yenye mkanda wa juu ya kiwiko, inafanya sehemu kubwa ya kazi. Utaratibu unaokubalika ni huu: mgonjwa anakaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, anatulia dakika 5 bila kuongea, bila sigara, ugoro wala kahawa kwa nusu saa kabla. Anapima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, asubuhi kabla ya kumeza dawa na jioni kabla ya kula, kwa siku 7. Siku ya kwanza inatupwa, kwa kuwa hata mashine ngeni nyumbani inashtua. Vipimo 24 vinavyobaki vinatafutiwa wastani. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, si 140 kwa 90, kwa sababu mtu akiwa kwake anatakiwa kuwa chini. Mashine za kifundo cha mkono na za kidole ziachwe.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, nalo ni zito. Kaya inayosubiri malipo ya tumbaku haiwezi kuambiwa inunue mashine ili itumike wiki moja. Lakini hakuna aliyesema kila kaya inunue. Mashine moja ya zahanati ikiazimwa kwa siku 7 kila mgonjwa, kwa mwaka itahudumia karibu watu 50, na huenda kata moja haina wagonjwa 50 wapya wa shinikizo sugu kila mwaka. Umeme pia si kikwazo kikubwa kama unavyodhaniwa: mwaka 2010 Parati na wenzake walichapisha majaribio ya mashine ya Omron inayotumia nguvu za jua, iliyobuniwa kwa ajili ya maeneo yenye uhaba, na ilijaribiwa Uganda na Zambia. Kinachohitaji ukali ni ubora. Soko limejaa mashine ambazo hazijawahi kulinganishwa na kipimo sahihi, na mashine mbovu nyumbani ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana sasa uongo umepata daftari. Ndiyo maana napendelea mashine ya kuazima, inayokaguliwa na mtu mmoja, kuliko kumi za dukani.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: watu wa kijijini hawataweza, watakosea, watatia chumvi au kupunguza, na wengine wataacha dawa wakiona namba nzuri. Kukosea kupo, ndiyo sababu tunachukua wastani wa vipimo 24 na si kimoja. Na mashine nyingi hutunza kumbukumbu zenyewe, mganga akatazama humo badala ya kwenye daftari. Asiyesoma anaweza kusomewa na mjukuu au na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchini. Kuhusu kuacha dawa, hofu ni ya kweli, ila mbona tunaiona kwa mashine ya nyumbani tu? Mgonjwa aliyepata 130 kliniki naye huacha dawa. Anahitaji kuambiwa mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba namba imeshuka kwa sababu ya dawa. Kinachofaa kukubaliwa bila ubishi ni kwamba mashine peke yake haitibu. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha majaribio 25 ulionyesha kuwa kujipima bila msaada mwingine hakushushi presha kwa kiasi cha maana. Kinachoshusha ni kujipima pale ambapo mtu mwenye ujuzi anazisoma namba na kubadilisha matibabu. Jaribio la TASMINH4 la Uingereza mwaka 2018 lilithibitisha hilo: madaktari waliorekebisha dozi kwa namba za nyumbani walipata wagonjwa wenye presha ya chini kuliko waliotumia namba za kliniki.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa shida zaidi. Kwa nini tuhangaike na wenye dawa tatu wakati wengi hawajui kabisa kama wanaumwa? Utafiti wa miaka ya 1990 katika Ilala na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro ulikuta karibu watu wazima watatu kwa kumi wana shinikizo. Kati yao chini ya mmoja kwa watano alikuwa anajijua, na waliodhibitiwa hawakufika asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 26 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Na madhara yake tumeyaona: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta viwango vya kiharusi Dar es Salaam vikiwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyorekodiwa duniani. Mbele ya picha hiyo, mwenye dawa tatu anaonekana kama mwenye bahati. Nakubali kwamba shilingi ya kwanza iende kwa asiyejulikana. Ila zahanati haichagui kati ya hao wawili kwa namna tunavyofikiri. Mwenye presha ya koti jeupe ndiye anayerudi kliniki kila mwezi, ndiye anayemaliza vidonge vya stoo, ndiye anayejaza nafasi za rufaa. Akithibitishwa kwamba yuko salama, aje baada ya miezi kadhaa badala ya kila mwezi, na nafasi yake ichukuliwe na ambaye hajawahi kufungwa mkanda.

Sasa tuseme vipimo vya nyumbani navyo vimekuwa juu, wastani 150 kwa 95. Hata hapo dawa ya nne haijafika zamu yake, maana swali la vidonge linatangulia. Huko Leicester, Uingereza, mwaka 2014 watafiti walipima mikojo ya wagonjwa 208 wa kliniki ya shinikizo na kukuta mmoja kwa wanne hakuwa amemeza dawa zote alizoandikiwa. Baadhi hawakuwa wamemeza hata moja. Waliopimwa waliishi karibu na maduka ya dawa. Mrina asali anayekaa kambini msituni wiki kadhaa, na vidonge vya siku kumi mfukoni, hahitaji kukaripiwa, anahitaji vidonge vya miezi miwili. Linafuata swali la dawa nyingine: diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa muhimu kwa ajili ya mgongo uliochoka na shamba hupandisha presha na kudhoofisha dawa za presha, na mgonjwa haitaji kwa sababu haihesabu kuwa dawa ya ugonjwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili navyo vimo.

Na chumvi. Wakati wa misafara, chumvi ya Uvinza ilikuwa mali. Ilibebwa kutoka chemchemi za karibu na mto Malagarasi na kuuzwa Unyamwezi kwa vipimo vidogo. Leo ni bidhaa rahisi kuliko zote jikoni, na huongezwa mezani kabla mboga haijaonjwa. Kwa mwenye shinikizo sugu si jambo dogo: jaribio la Alabama la mwaka 2009, dogo kwa kuwa lilikuwa na watu 12 tu, lilionyesha kwamba kuwatoa kwenye chumvi nyingi hadi kidogo kwa wiki moja kuliishusha namba yao ya juu ya kliniki kwa karibu milimita 23, na ya saa 24 kwa karibu 20. Ni vigumu kupata dawa ya nne inayoshusha kiasi hicho. Kwenye PATHWAY-2 spironolaktoni iliizidi dawa bandia kwa chini ya milimita 9. Mashine ya kuazima inaweza kumwonyesha mgonjwa tofauti hiyo kwa macho yake: wiki ya mboga yenye chumvi kama alivyozoea, na wiki ya pili chumvi ikipunguzwa.

Mashine ya nyumbani haioni usiku. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, mwenye kisukari, au mwenye figo mbovu anaweza kuwa na 128 asubuhi na presha isiyoshuka kabisa saa tisa usiku. Huyo ndiye wa kumpeleka Kitete au mbali zaidi akavalishwe kifaa cha saa 24, pamoja na yule ambaye nyumbani amebaki juu huku vidonge vikimezwa na chumvi ikipunguzwa. Huenda tezi zilizo juu ya figo zake zinamwaga homoni kupita kiasi, na tiba yake ni nyingine. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio mashine huwasoma vibaya, wapimwe kwa mkono na mwenye ujuzi. Wajawazito wana mipaka na ratiba yao. Na yeyote anayekuta 180 kwa 120, akarudia baada ya kutulia dakika kadhaa ikabaki hapo, huku akiumwa kifua, kichwa kikali, kuona giza au mkono umelegea, asisubiri siku 7. Aende hospitali mara moja.